Coccinelle inanuka esansi: kabla ya kufungua karbirateri, pima nguvu ya pompi

Dalili zinajulikana. Coccinelle imelala nje usiku, asubuhi mwenyewe anafungua kifuniko cha nyuma na harufu ya esansi inamjaa puani. Anapiga kontakti, motere inazunguka bila kuwaka. Ikiwaka, inatoa moshi mweusi, inatetemeka kwenye ralanti, kisha inazimika. Bugi zikitolewa ziko nyeusi na zimelowa. Kwenye garaji jibu linakuja haraka: « Karbirateri imekufa, patron. Tuifungue. » Inafunguliwa, inaoshwa, jikleri zinapulizwa, mwenyewe analipa. Nyuma ya wiki mbili, harufu ile ile imerudi.

Volkswagen ilitengeneza Coccinelle zaidi ya milioni 21 mpaka mwaka 2003, wakati kiwanda cha Puebla, kule Mexico, kilipotoa ya mwisho. Karibu zote zilikuwa na karbirateri ya Solex, kifaa ambacho si kigumu na hakifi kwa urahisi. Ikianza kumwaga esansi, mara nyingi haijafa: imelemewa. Kuna kitu kinasukuma esansi kwa nguvu kuliko karbirateri inavyoweza kuzuia, au kuna uchafu kidogo unaoizuia isifunge. Hayo mawili hayatibiwi kwa njia moja, na njia ya kuyatenganisha haihitaji pesa nyingi.

Kwanza tuangalie namna esansi inavyofika. Reservuari ya Coccinelle iko mbele, motere iko nyuma. Esansi inapita katika tiyo ndefu chini ya gari, inavutwa na pompi ndogo iliyo pembeni ya delko, kisha inasukumwa juu mpaka kwenye karbirateri. Ndani ya karbirateri kuna kikombe kidogo, na ndani ya kikombe kuna floteri, yaani boya linaloelea. Esansi ikipanda, boya linapanda nalo, linasukuma puanto, kile kisindano kifupi chenye ncha, na ncha inaziba tundu la kuingilia. Motere ikinywa, boya linashuka, tundu linafunguka tena. Anayejua tangi la choo cha maji, lile lenye boya la kufunga maji likijaa, anajua karbirateri nusu yake.

Sasa hesabu kidogo, maana hapa ndipo siri yote iko. Tundu la puanto kwenye Solex nyingi za Coccinelle lina upana wa milimita 1,5. Pompi ya kawaida inatoa nguvu ya karibu bari 0,2. Kwa tundu dogo namna hiyo, esansi inasukuma puanto kwa uzito usiofika gramu 4. Boya jepesi linaweza kushindana na gramu 4 bila shida. Lakini mtu akiweka pompi ya umeme iliyotoka kwenye gari ya injeksio, ile inayotoa bari 2,5 au 3, puanto inasukumwa kwa uzito wa gramu 50 hivi. Hakuna boya la Solex linaloweza kushika hiyo. Puanto inabaki wazi, kikombe kinajaa, na esansi inatafuta njia: inamwagika kwenye koo la karbirateri, inashuka kwenye silinda, au inatoka juu na kudondoka kwenye motere ya moto.

Na pompi za namna hiyo zinawekwa kila siku. Sababu inaeleweka: pompi ya asili imechakaa, ya kubadilisha haipatikani, na kwenye maduka ya vipande vya okazioni pompi za Toyota za injeksio zimejaa. Gari inawaka, shoferi anafurahi, motere inapata esansi mpaka juu ya kilima. Shida inakuja polepole, na ikija, lawama inaenda kwa karbirateri.

Hata pompi mpya ya mekaniki, iliyoandikwa kuwa ni ya Coccinelle, inaweza kuzidisha. Katika pompi hizo, nguvu ya esansi inatoka kwa resori iliyo chini ya membrani. Mkono wa pompi unaipa kazi tu. Resori ikiwa ngumu kupita kiasi, au fimbo inayosukuma mkono ikiwa inatokeza sana, nguvu inapanda. Fimbo yenyewe ziko za aina mbili: ya milimita 108 kwa motere zenye dinamo, na ya milimita 100 kwa zile za alternateri na pompi yake fupi. Fundi akichanganya, akaweka ndefu mahali pa fupi, anaweza kuvunja mkono wa pompi au kupasua membrani. Ikiwa fimbo ni yenyewe lakini inatokeza kupita kiasi, dawa ni ya karatasi: kuongeza juanti moja au mbili chini ya pompi ili isimame juu kidogo. Wajerumani walilipanga hivyo tangu mwanzo, kwa hiyo si ufundi wa kubahatisha.

Kabla ya kugusa chochote, vuta joji ya oili. Watu wengi wanaisahau, na ndiyo inayoweza kuokoa motere nzima. Motere ya Coccinelle inachukua oili lita 2,5 tu. Membrani ya pompi ikipasuka, esansi inashuka moja kwa moja ndani ya karteri. Karbirateri ikimwaga usiku kucha, inafika huko pia kwa kupitia silinda. Ukiona oili imepanda kuliko jana, au joji inanuka esansi, usiwashe. Oili iliyochanganyika na esansi ni nyepesi kama maji, haishiki tena kwenye vyuma vinavyozunguka, na mvuke wake unaweza kulipuka. Mwaga yote, weka mpya baada ya kutibu ugonjwa, si mbele yake.

Kuna hatari nyingine ya asubuhi. Esansi ikijaa ndani ya silinda moja, pistoni ikija juu inakuta maji yasiyobanika. Kupiga demareri kwa nguvu hapo kunaweza kupinda bieli. Gari ikikataa kuzunguka, ikagonga mara moja na kusimama, toa bugi zote, tenga waya wa bobini ili moto usiruke, kisha zungusha motere kwa mkono, polepole. Kitakachotoka kwenye matundu ya bugi ni esansi, kwa hiyo kazi hiyo inafanyika nje, mbali na mtu anayepika na mbali na sigara.

Baada ya joji, jicho. Toa filtri ya hewa, washa motere ikubali kama inakubali, kisha angalia ndani ya koo la karbirateri kwa tochi. Katikati kuna mdomo mdogo wa shaba ambao unatoa esansi wakati gari inakimbia. Kwenye ralanti mdomo huo unapaswa kuwa mkavu. Ukidondosha tone baada ya tone kwenye ralanti, na ukiendelea kudondosha motere ikishazimwa, kiwango cha esansi ndani ya kikombe kiko juu mno. Hiyo ndiyo kumwaga kwa kweli. Lakini kama mdomo ni mkavu na moshi bado ni mweusi, tatizo liko kwingine: starteri imebaki imefungwa, jikleri ni kubwa kupita kiasi, filtri imejaa vumbi, au njia ndogo za hewa zimeziba. Mafundi wengi wanaita yote mawili « inakunywa sana », na hapo ndipo pesa ya mwenye gari inapopotea, juu ya kutibu malaria kwa dawa ya minyoo.

Jaribio la pili ni la pensi. Motere ikiwa kwenye ralanti mbaya, bana tiyo laini ya esansi kwa pensi iliyofungwa kitambaa. Kikombe kina akiba ya kutosha kwa muda mfupi. Kama motere inatulia, inazunguka vizuri, kisha inakufa kwa njaa, umeshapata jibu: ilikuwa inazama. Kama haibadiliki mpaka inakufa, acha pompi na puanto, tafuta upande wa hewa na moto.

Inabaki kujua nani mkosaji kati ya pompi na puanto. Mwenye manometri ndogo, ya bari 0 mpaka 1, anaiweka kwa kiungo cha T kati ya pompi na karbirateri, anasoma kwenye ralanti na kwenye mwendo mkubwa. Karibu 0,2, pompi haina kosa. Ikipita 0,3, Solex inaanza kusumbuka. Ikifika 0,5, usitafute zaidi.

Asiye na manometri anaweza kutumia ukuta. Esansi ikining'inia juu inasukuma kwa uzito wake wenyewe: mita 1 ya urefu inatoa bari 0,07, na mita 2,7 inatoa 0,2, sawa na pompi nzima. Toa karbirateri, isimamishe sawasawa kwenye meza nje ya nyumba. Chukua chupa ndogo ya plastiki yenye tiyo inayobana vizuri na koliye, weka esansi robo lita, itundike mita 1 juu ya karbirateri. Kikombe kijae, kisha subiri dakika 10. Ikidondosha hata kwa mita 1, puanto au boya ni wagonjwa, usimlaumu pompi. Ikishika, pandisha chupa mpaka mita 2,7, kwenye ukingo wa veranda ya juu au kwenye ngazi. Ikishika na huko, karbirateri ni nzima kabisa, na aliyekuwa anaimwagisha ni pompi. Jaribio lote ni la chupa, tiyo na dakika 20. Moto wowote ukae mbali, simu na jenereta pia, na watoto wasisogee.

Puanto ikianguka kwenye mtihani, mara nyingi ni uchafu. Esansi ya kwenye chupa za akina kadhafi pembeni ya barabara imepita katika bidoni ngapi, hakuna anayehesabu. Ina mchanga, kutu, wakati mwingine maji. Chembe moja ndogo kuliko punje ya chumvi, ikikaa kati ya ncha na kiti chake, inatosha. Ndiyo maana kuosha kunatibu kwa wiki mbili tu: chembe imetoka, lakini reservuari na bidoni bado zina nyingine. Filtri ndogo ya karatasi ni ya bei ndogo kuliko kuosha mara moja. Mahali pake pazuri kwenye Coccinelle ni kabla ya pompi, chini, upande wa giaboksi. Wengi wanaiweka kati ya pompi na karbirateri kwa sababu mkono unafika kwa urahisi. Lakini pale inaning'inia juu ya delko, yenye cheche, na uzito wake unavuta matiyo siku zote kwenye barabara mbovu.

Kama si uchafu, angalia ncha ya puanto kwa mwanga. Alama ya mduara iliyochimbika maana yake imechakaa; badilisha pamoja na kiti chake. Kuisugua kwa papie ya vere ni kuharibu kilichobaki. Angalia na rondeli iliyo chini ya kiti: isipobanwa vizuri, esansi inapita pembeni yake na puanto nzima inaonekana mbovu. Rondeli hiyo ina kazi nyingine pia. Ikiwa nene zaidi, puanto inafunga mapema na kiwango kinashuka. Ikiwa nyembamba, kiwango kinapanda. Fundi aliyeipoteza akaweka yoyote aliyoikuta mezani amebadilisha reglaje bila kujua. Boya nalo litikisike sikioni: likisikika lina esansi ndani, limetoboka, ni zito, halipandi tena ipasavyo.

Sasa milima, kwa sababu gari ya Bukavu haiishi kama gari ya kwenye kitabu cha Wolfsburg. Reservuari iko mbele. Ukipaki Coccinelle na pua imeelekea juu, kwenye kilima cha Panzi au Kadutu, reservuari inakuwa juu kuliko karbirateri, na esansi inashuka yenyewe usiku mzima, bila pompi kufanya kazi. Nguvu hiyo ni ndogo, lakini puanto yenye chembe moja haiwezi kuizuia, na asubuhi ni karteri imejaa. Pompi nyingi za baadaye ziliwekwa kizuizi cha ndani kwa ajili hiyo. Nyingi za kuiga hazina. Kama gari inamwaga usiku tu, na mchana inatembea vizuri, jaribu kwanza kuipaki pua chini. Ikipona, sababu umeijua.

Kimo chenyewe kinadanganya. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari, Butembo juu zaidi, wakati Uvira iko karibu mita 800. Hewa ya mita 1500 ni nyepesi: nguvu yake ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Karbirateri haijui hilo, inaendelea kutoa esansi ya hewa nzito, na mchanganyiko unazidi utajiri kwa asilimia 7 au 8 kuliko kwenye usawa wa bahari. Kwa hiyo gari iliyotengenezewa chini inafika Bukavu kwa kupanda Ngomo ikiwa na bugi nyeusi kidogo na nguvu pungufu, na hakuna kilichoharibika. Jikleri kubwa ndogo kwa hatua moja inatosha kwa gari inayokaa juu. Ila jikleri haipunguzi kumwaga. Mdomo wa shaba ukidondosha, kimo hakina hatia.

Joto linaleta sura ya tatu. Gari imepanda mlima, imesimama dakika 15 sokoni, inakataa kuwaka na inanuka. Motere iliyozimwa haipepewi tena, joto linapanda kwenye karbirateri, esansi ndani ya kikombe inachemka na kufurikia kooni. Hapa juu, kwenye hewa nyepesi, inachemka mapema zaidi. Hiyo si ya kutengeneza. Kanyaga gaz mpaka chini, iache hapo bila kupampu, piga demareri sekunde chache. Kila mara unapopampu, karbirateri inarusha esansi nyingine juu ya ile iliyozidi.

Kwenye barabara mbovu boya linarukaruka na esansi inapita zaidi ya kawaida. Kidogo cha harufu baada ya safari ndefu ya RN2 hakishangazi. Kinachopaswa kumsimamisha mtu ni tone linaloonekana.

Kuna tone moja hasa. Tiyo fupi ya shaba inayoingiza esansi kwenye Solex haikukazwa kwa visi. Ilibanwa tu ndani ya alumini. Baada ya miaka 40 au 50 ya mtetemo inalegea, na siku moja inatoka mzima pamoja na mpira wake, wakati pompi bado inasukuma. Esansi inamwagika juu ya motere ya moto, sentimita chache kutoka kwa delko. Coccinelle nyingi duniani zimeungua hivyo. Ishike kwa vidole motere ikiwa baridi: ikizunguka au ikicheza, gari isitembee. Fundi mzuri anaitoa, anaipasulia uzi na kuweka kiungo cha visi, au anaikaza upya kwa kuibana sawasawa. Gundi peke yake haidumu kwenye esansi. Mipira yote iliyopasuka kwa kukauka ibadilishwe siku hiyo hiyo, na ile ya kawaida ya maji haifai, esansi inaila.

Wenye pompi ya umeme wana jambo la ziada. Pompi ya mekaniki inakufa motere ikifa. Ya umeme, ikiunganishwa ovyo, inaendelea kusukuma hata gari imepinduka kwenye mtaro. Iwe ya nguvu ndogo, iliyotengenezwa kwa karbirateri, ipite kwenye kontakti, na umeme wake upitie releyi inayokatika presha ya oili ikishuka. Regulateri inaweza kushusha presha ya pompi kubwa, lakini kwa pompi ya bari 3 inahitaji tiyo ya kurudisha esansi kwenye reservuari, na regulateri za bei rahisi nyingi haziwezi kushuka mpaka 0,2. Kuuza ile pompi na kutafuta inayofaa kunagharimu kidogo kuliko kuizunguka.

Moto ukishatokea, maji yasitumike. Esansi inaelea juu ya maji na kusambaa, na karteri ya Coccinelle imetengenezwa kwa aloi ya magnezi, ambayo ikishika moto inawaka zaidi ikimwagiwa maji. Ekstenteri ya unga inasaidia mwanzoni, wakati ni esansi tu inayoungua. Mchanga mkavu pia. Zima kontakti, usifungue kifuniko cha nyuma wazi kabisa, kwa sababu hewa inalisha moto. Pulizia unga kwa chini na kwa mwanya mdogo. Mwanga ukigeuka mweupe wa kuumiza macho, ni karteri yenyewe. Hapo watu waondoke.

Gari ikishatengenezwa, isipewe safari siku hiyo. Itembezwe kilomita chache, ipakiwe pua juu mahali ilipokuwa inamwaga, na asubuhi, kabla ya kontakti, joji ivutwe na kunuswa. Asubuhi 3 mfululizo bila harufu, na kiwango cha oili hakijapanda, ndipo mwenyewe anaweza kumlipa fundi nusu iliyobaki.